Kinanda Kikaoni: Mwongozo kwa Aliyezoea Kupiga Peke Yake

Mtu anayejifunza piano hufundishwa kuwa bendi nzima. Mkono wa kushoto unashika besi, wa kulia unaimba, vidole vya katikati vinajaza kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, na pedali inaunganisha yote. Hamngoji mtu, wala hakuna wa kumkatiza. Kisha siku moja rafiki mwenye gita anamwambia, "Njoo Jumamosi, tunapiga tu, hakuna cha kutisha." Anakwenda na ile bendi yake nzima vidoleni, anakuta kila kazi ina mwenyewe. Besi ina mpigaji. Kodi zimeshikwa na magita mawili. Melodi ni ya mwimbaji. Nusu saa baadaye kila mmoja amepandisha sauti na hakuna anayemsikia mwenzake.

Mwongozo huu ni wa mpiga kinanda wa kujifurahisha anayekwenda kwenye kikao cha namna hiyo: watu wamekaa, nyimbo zinatajwa hapo hapo, hakuna mazoezi wala karatasi za nota. Si lazima uwe fundi. Kama unaweza kushika kodi za kawaida katika kii nne au tano (kii ni nota ambayo wimbo umejengwa juu yake), na kuhesabu moja mpaka nne bila kukatika, una mtaji wa kutosha. Kazi iliyobaki ni kujua cha kuacha, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kwenda

Uliza mambo mawili: kuna kinanda hapo, na nani wengine wanakuja. Jibu la pili lina uzito kuliko la kwanza. Kikao chenye mpiga besi na kikao kisicho na besi ni kazi mbili tofauti kabisa kwako. Kikiwa na magita matatu, jiandae kukaa kimya sana.

Kama kuna piano ya mbao, jua kwamba yeye ndiye mzee wa kikao. Wengine wote watalinganisha vyombo vyao na piano, si kinyume chake, kwa sababu hakuna atakayeanza kukaza nyuzi zaidi ya mia mbili ili kumridhisha mwenye gita. Mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939 ulikubali A ya juu ya C ya kati iwe mitetemo 440 kwa sekunde, na vifaa vya kulinganishia gita hufuata hiyo. Lakini piano ambayo haijaguswa na fundi kwa miaka huwa imeshuka chini ya hapo. Basi kabla ya wimbo wa kwanza, piga A, waache walinganishe kwa masikio au washushe kipimo cha vifaa vyao. Ukiruka hili, jioni nzima mtasikika kama watu wanaobishana.

Kama unabeba kinanda chako cha umeme, kuna mambo madogo yanayoharibu kikao kuliko kukosea kodi. Beba stendi, waya wa umeme, pedali, na waya wa sauti wenye ncha ya milimita 6.35, ule ule wa gita. Vinanda vingi vina matundu mawili ya kutolea sauti. Ukitumia waya mmoja, chomeka kwenye tundu lililoandikwa L/Mono, vinginevyo unaweza kupeleka nusu tu ya sauti ya piano. Chomeka pedali kabla ya kuwasha kinanda na usiikanyage wakati kinawaka. Vinanda vingi husoma hali ya pedali wakati wa kuwaka, na ukiikanyaga wakati huo itafanya kazi kinyumenyume: ukiachia, nota zinabaki, ukikanyaga, zinakatika. Dawa ni kuzima na kuwasha tena, mguu ukiwa mbali.

Spika nayo ina siri yake. Amplifaya ya gita imetengenezwa kulipa gita rangi yake: inapunguza sauti za juu sana na kuongeza ukali wa katikati. Piano ikipita humo inatoka butu, kama mtu anayeongea nyuma ya pazia. Heri uchomeke kwenye mfumo ule ule unaotumiwa na mwimbaji, au kwenye amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya kinanda. Chagua sauti ya piano ya kawaida au piano ya umeme. Zile sauti za piano zilizochanganywa na vinubi na vayolini, ambazo zinapendeza ukiwa peke yako chumbani, zinameza kila mtu mkiwa wengi. Punguza mwangwi pia.

Hatua ya 2: Andaa kodi kwa tarakimu, si kwa majina

Kikaoni utasikia mtu akisema, "Ni moja, nne, tano tu, kwenye A." Anayejua kodi kwa majina pekee atakuwa bado anatafsiri wakati wenzake wako ubeti wa pili. Kama umepitia kwaya na sol-fa unaijua tayari nusu ya hesabu hii: moja ni kodi inayojengwa juu ya do, nne juu ya fa, tano juu ya sol, sita juu ya la. Wanamuziki wa studio za Nashville, Marekani, wamekuwa wakiandika nyimbo kwa tarakimu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na sababu yao ndiyo yako: mwimbaji akibadilisha kii dakika ya mwisho, karatasi haibadiliki.

Katika kii ya G, moja ni G, nne ni C, tano ni D, sita ni E maina (maina ni kodi yenye rangi ya huzuni, meja ni yenye rangi ya furaha), mbili ni A maina. Katika kii ya A, moja ni A, nne ni D, tano ni E, sita ni F shapu maina. Jifunze kii ambazo magita yanazipenda: G, D, A, E na C. Hizo ndizo kii ambazo nyuzi zao za wazi zinalia vizuri, kwa hiyo ndizo zitakazotajwa. Wapiga tarumbeta na saksafoni wana zao, hasa B flati, E flati na F. Mpiga piano aliyesoma vitabu mara nyingi anaijua E flati vizuri kuliko E, na kikao cha magita kitamkuta hapo.

Jambo la pili la kuandaa ni kodi zilizo karibu. Usiruke na mkono mzima kila kodi inapobadilika. Katika kii ya C, kwa mkono wa kulia, shika C kama G–C–E, kisha G kama G–B–D, kisha A maina kama A–C–E, kisha F kama A–C–F. Angalia vidole: vinasogea hatua moja au vinakaa palepale. Mkono hauruki, sikio halishtuki, na macho yako yanabaki huru kuwatazama wenzako. Fanya hivyo hivyo katika zile kii tano. Hili peke yake lina faida kuliko kujifunza nyimbo ishirini.

Jifunze pia mzunguko wa bluzi wa vipimo 12, kila kipimo kikiwa na mapigo manne, kwa sababu watu wasiojuana wakikosa wimbo wa pamoja huangukia hapo. Vipimo vinne vya moja. Viwili vya nne, viwili vya moja. Kisha tano, nne, moja, na kipimo cha mwisho ni tano inayorudisha mwanzo. Katika A: A nne, D mbili, A mbili, E, D, A, E. Kuna mapambo mengi juu ya mzunguko huu lakini mifupa ni hiyo.

Na metronomu, kile kifaa kinachohesabu mapigo. Iweke ipige polepole, kisha ujifanye kwamba mlio wake ni pigo la pili na la nne, si la kwanza na la tatu. Mwanzoni utateleza. Ukishazoea, utakuwa umeanza kubeba mwendo mwenyewe badala ya kuburutwa nao. Ukikosea usisimame. Mpiga piano wa nyumbani ana tabia moja mbaya kuliko zote: akigusa nota isiyo yake anarudi nyuma kuisahihisha. Kikaoni hakuna nyuma. Zoeza vidole kuendelea hata kodi ikiharibika, mpaka ile hamu ya kurudi ife.

Hatua ya 3: Kaa mahali unapoona mikono

Ukifika, geuza kinanda ili uone mambo mawili: mkono wa kushoto wa mpiga gita na uso wa anayeongoza. Watu wengi husukumwa kwenye kona wakiwa wamewapa wengine mgongo, kwa kuwa kinanda ni kikubwa na soketi iko ukutani. Kataa. Omba waya mrefu.

Mkono wa mpiga gita ni karatasi yako ya nota. Maumbo ya kodi za gita si mengi, na unaweza kuyatambua hata kama hujawahi kulishika. G imetandazwa, vidole viwili juu ya nyuzi nene na kimoja au viwili mbali upande wa nyuzi nyembamba. C imepanda kama ngazi. D ni pembetatu ndogo iliyobanana kwenye nyuzi nyembamba. E maina ni vidole viwili tu vilivyopakana. A ni vidole vitatu kwenye mstari mmoja. Mwombe rafiki mwenye gita akuonyeshe hayo kwa dakika kumi, utakuwa umepata jicho la ziada.

Ila kabla ya kuliamini jicho hilo, tazama shingo ya gita kama ina kapo. Kapo ni kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti fulani (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gita), na kila freti inapandisha sauti nusu toni. Mpiga gita mwenye kapo anashika umbo la G, anaiita G, na anaapa kwamba ni G, wakati kinachosikika ni kitu kingine. Kapo ikiwa freti ya 2, umbo la G linatoa A, la C linatoa D, la D linatoa E. Freti ya 3: G inakuwa B flati, C inakuwa E flati, D inakuwa F. Freti ya 5: G inakuwa C, C inakuwa F, D inakuwa G. Hii ya 5 ni zawadi kwako. Freti ya 4 ni adhabu: G yake ni B, na D yake ni F shapu.

Hapo ndipo kitufe cha kuhamisha kii kwenye kinanda cha umeme kinapokuja kukuokoa. Wapo wanaokidharau, wakisema mpiga piano wa kweli anajua kii zote 12. Sawa, lakini mwenye gita amebandika chuma shingoni ili asihangaike, na hakuna aliyemcheka. Kitumie. Sharti ni moja: kirudishe kwenye sifuri mara tu wimbo unapoisha, kwa sababu wimbo unaofuata hautakusubiri ugundue kwa nini kila kodi yako inaumiza masikio.

Wapuliziaji nao wana lugha yao. Tarumbeta ya kawaida na saksafoni ya tena ni vyombo vya B flati: mpigaji akisema C, masikio yako yatasikia B flati. Saksafoni ya alto ni ya E flati: C yake ni E flati yako. Usibishane. Uliza tu, "Hiyo kwa kinanda ni ipi?" Mpulizaji mzoefu atakujibu papo hapo, na asiye mzoefu mtakuwa mmejifunza pamoja.

Hatua ya 4: Wimbo wa kwanza, mzunguko wa kwanza, usipige

Mikono mapajani. Sikiliza besi, kwa sababu nota anayoipiga kwenye pigo la kwanza la kipimo mara nyingi ndiyo jina la kodi. Tafuta nyumbani: ile nota ambayo ukiiguna kooni wimbo unaonekana umetua. Ukiipata, ihakikishe kwa kubonyeza nota moja tu, kwa upole, sauti ikiwa chini. Hiyo ni moja. Zilizobaki utazikadiria kwa tarakimu, na katika nyimbo nyingi za watu wa kawaida utakuwa umekisia sawa.

Hesabu pia urefu. Nyimbo nyingi zimejengwa kwa mafungu ya vipimo vinne na vinane. Mpiga ngoma huwa anachakarika kidogo mwishoni mwa fungu, kuashiria kwamba ukurasa unageuka. Ukishasikia mageuzi hayo mara mbili, umeshika ramani.

Mzunguko wa pili ingia na nota mbili au tatu, kwenye pigo la kwanza, uziache zilie kipimo kizima. Mzunguko wa tatu ndipo uanze kuwa na maoni.

Hatua ya 5: Achia mkono wa kushoto

Hii ndiyo hatua ngumu, na wengi hawaifikii kwa sababu mkono wa kushoto una kumbukumbu yake wenyewe.

Uzi mnene wa gita la besi, ukiwa wazi, unatetema mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa gita la kawaida ni oktava moja juu yake, yaani nota ile ile ya juu inayofuata, takriban 82. C ya kati ya piano ni kama 262, na C iliyo oktava moja chini yake ni 131. Sasa fikiria mkono wako wa kushoto ukipiga oktava nzito chini ya hiyo 131. Uko ndani ya chumba cha mpiga besi, na mwenye gita ana mguu mmoja humo humo. Hata mkipiga nota ile ile, hampigi kwa sekunde ile ile kabisa, wala hamjalingana kikamilifu, na matokeo yake ni ukungu. Isitoshe, nota zilizo karibu karibu zikipigwa chini huko zinanguruma: kila nota ina milio midogo juu yake, na milio hiyo inagongana. Kodi ya C yenye nota tatu zilizobanana ni tamu katikati ya kinanda. Ishushe oktava mbili uisikie inavyogeuka tope.

Kwa hiyo, akiwepo mpiga besi, mkono wa kushoto haushuki chini ya ile C ya 131. Ukikushinda, ukalie. Sisemi kwa utani. Nimeona mtu akipiga wimbo mzima ameweka mkono chini ya paja, na kikao kikapumua.

Count Basie, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi wa Marekani, anafaa kutajwa hapa. Alikulia katika upigaji piano wa Harlem, mtaa wa New York, ule wa mkono wa kushoto unaoruka kutoka besi kwenda kodi bila kupumzika, piano ikitosha kuchezesha ukumbi peke yake. Baadaye, akiwa na bendi yake, akiwa na Walter Page kwenye besi, Jo Jones kwenye ngoma, na Freddie Green aliyejiunga na gita lake mwaka 1937, alipunguza nota mpaka zikabaki chache mno: mguso hapa, kengele ndogo pale, kimya kirefu katikati. Vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Kazi ilikuwa tayari inafanywa na wengine watatu.

Utaweka nini basi badala ya kodi nzima? Nota mbili: ya tatu na ya saba ya kodi, ukihesabu kutoka ile nota inayoipa jina. Hizo ndizo zinazosema kama kodi ni meja au maina, na kama imetulia au inataka kwenda. Ya kwanza mwachie besi. Ya tano haina habari mpya. Mfano, mbili-tano-moja katika C: kwa Dm7 (D maina yenye saba) shika F na C ya kati, kwa G7 shika F na B, kwa C shika E na B. Kidole kimoja kinasogea kila mara, kingine kinakaa. Nota mbili hizo, zikiwa katikati ya kinanda, zinapenya kati ya magita bila kusukuma mtu. Kama wimbo hauna saba, kama nyimbo nyingi za kodi tatu, piga ya tatu na ya tano, au hata ya tatu peke yake.

Pakiwa na magita mawili yanayochapa kodi, panda juu. Oktava moja au mbili juu ya C ya kati kuna nafasi, kwa kuwa magita hayakai sana huko. Weka nota ndogo mwishoni mwa mstari, kisha ondoka. Akiwepo mwimbaji, usipige melodi pamoja naye. Anaijua. Ukimfuata kwa kidole unamnyima uhuru wa kuchelewa au kuwahi neno, na ukipishana naye kidogo, anayeonekana amekosea ni yeye. Subiri anapovuta pumzi, jaza hapo.

Mpiga besi asipokuja, mambo yanageuka: mkono wa kushoto unaajiriwa upya. Lakini bado piga nota moja moja, ya kwanza na ya tano, bila oktava za kishindo, na uzikate fupi kama besi inavyokatwa. Ukishaanza kazi hiyo usiiache katikati ya wimbo ukafanye mapambo, maana kila mtu amekuegemea.

Hatua ya 6: Mguu nje ya pedali, na mdundo mmoja

Pedali ya kushikilia sauti ni kimbilio la mpiga piano wa pekee, inaficha mapengo. Ngoma na gita zinafanya kazi ya kukata muda vipande safi, na wewe ukikanyaga pedali unamwaga maji juu ya vipande hivyo. Anza bila pedali kabisa. Itumie kwenye wimbo wa polepole tu, nako uiinue kila kodi inapobadilika.

Kisha chagua mdundo mmoja na ukae nao. Mzuri wa kuanzia ni huu: hesabu "moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na", piga kodi kwenye "moja" na kwenye "na" inayofuata "mbili", basi. Sehemu nyingine ya kipimo ni kimya. Utahisi unafanya kidogo mno. Endelea hivyo ubeti mzima, na uone kinachotokea: mpiga ngoma ataanza kuucheza mdundo wako, mpiga besi ataujaza. Ukibadilisha mdundo kila kipimo, hakuna wa kukushika mkono.

Ukipotea, na utapotea, nyamaza. Usitafute kodi kwa kujaribu vibonyezo kimoja kimoja mbele za watu. Ngoja ule mchakariko wa ngoma mwishoni mwa fungu, kisha ingia na moja. Hakuna atakayejua kama ulipotea au ulipumzika.

Hatua ya 7: Zamu yako ya solo

Wakati fulani mtu atakutazama na kutikisa kichwa kuelekea kwako. Unaruhusiwa kukataa. Tikisa kichwa kwa tabasamu au mwonyeshe mwingine, na muziki utaendelea. Yapo masimulizi ya vikao vya kutisha, kama vile vya klabu ya jazi ya Minton's Playhouse kule Harlem mwanzoni mwa miaka ya 1940, ambako Thelonious Monk alikuwa mpiga piano wa hapo na wageni dhaifu walitupiwa kodi za ajabu ili washuke jukwaani. Kikao cha Jumamosi hakina haja ya kukupima.

Ukikubali, tumia nota tano: do, re, mi, sol, la za kii ya wimbo. Juu ya moja, nne na tano hakuna inayouma kwa muda mrefu. Piga kauli fupi ya nota tatu au nne. Nyamaza. Irudie ikiwa na badiliko dogo. Nyamaza tena. Wapulizaji hulazimika kuvuta pumzi, na ndiyo maana solo zao zina sentensi. Wewe unaweza kwenda mpaka asubuhi bila kupumua, kwa hiyo jilazimishe kuvuta pumzi kweli, kwa mdomo, kati ya kauli na kauli. Mkono wa kushoto ubaki na zile nota mbili. Mzunguko mmoja unatosha. Unapokaribia kumaliza, inua macho umtazame anayefuata. Ukimaliza huku umeinamia vibonyezo hakuna atakayejua zamu imeisha.

Ishara za mikono zitakuchanganya mwanzoni. Ngumi iliyoinuliwa ni mwisho. Mkono unaogusa kichwa ni kurudi kwenye melodi ya mwanzo. Katika vikundi vya jazi, vidole vinavyoelekezwa juu ni idadi ya shapu za kii, na vya kuelekea chini ni idadi ya flati: kimoja juu ni G, kimoja chini ni F, viwili chini ni B flati, vitatu chini ni E flati. Lakini kuna vikundi ambavyo vidole vinne maana yake ni kodi ya nne tu. Uliza mapema.

Mwisho wa wimbo ndipo ajali nyingi hutokea. Njia inayotumika sana ni kurudia mstari wa mwisho mara tatu kisha kushuka wote pamoja. Mtazame mwimbaji au mpiga ngoma, wala usiongeze ngazi ya nota za kupamba baada ya pigo la mwisho. Hiyo inaruhusiwa mara moja kwa jioni, na huenda mpiga gita ameshaitumia.

Hatua ya 8: Kati ya nyimbo, na baadaye

Kati ya nyimbo usichezee kinanda. Watu wanajadili wimbo unaofuata, wengine wanalinganisha nyuzi, na wewe una chombo kinachosikika chumba kizima hata ukipiga taratibu. Akiwepo mpiga kinanda mwingine, piga nyimbo mbili umpishe kiti. Msipige wote wawili pamoja isipokuwa mmeambiana nani yuko juu na nani yuko chini.

Njoo na wimbo wako mmoja wa kupendekeza, wenye kodi tatu au nne, ambao mwimbaji ana uwezekano wa kuujua. Andika tarakimu zake kwa maandishi makubwa ili mwenye gita asome kutoka alipo, na uwe tayari kuupiga katika kii mbili, kwa kuwa mwimbaji ataomba ushushwe au upandishwe.

Rekodi kwa simu, mwenye nyumba na wenzako wakikubali. Iweke upande wa pili wa chumba, karibu na mpiga ngoma au mwimbaji, si juu ya kinanda. Unataka kusikia walichokisikia wao. Isikilize kesho yake, si usiku ule ule. Sikiliza jambo moja kwa wimbo: katika huu, unawahi au unachelewa ngoma? Katika ule, kuna wakati kinanda kimenyamaza kabisa? Kama hakuna, wimbo huo ndio wa kufanyia kazi wiki nzima, kwa kuucheza tena na rekodi huku ukipiga nusu ya nota ulizopiga mara ya kwanza. Andika pia kii zilizotajwa jioni hiyo na mahali kapo ilipokuwa, kwa sababu kikundi kile kile huwa kinarudi kwenye nyimbo zile zile, na mpiga gita yule yule ataweka kapo freti ya 4.